Hoja ya Wingi na Hoja ya Jina: Kilatvia na Kitagalog Mbele ya Wahakiki wa Kiswahili

Imekuwa ada katika maandishi ya wahakiki wa Kiswahili kwamba makala, tasnifu au hotuba yoyote ile kuhusu fasihi ya lugha hiyo haina budi kufunguliwa kwa hesabu. Msomaji hulakiwa na tarakimu: wazungumzaji milioni 50, kisha milioni 100 na, tangu UNESCO ilipoiteua mwaka 2021 tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, milioni 200 na zaidi. Tarakimu ikishatajwa, mwandishi hutua, kana kwamba amekwisha kuthibitisha jambo fulani kuhusu mashairi na riwaya ambazo bado hajazifungua. Aghalabu hesabu hiyo hufuatwa na pacha wake, yaani mjadala wa jina. Je, ni fasihi ya Kiswahili au ni fasihi kwa Kiswahili? Mswahili ni nani, na nani aliye na haki ya kuipa lugha jina lake? Wino uliokwisha kumwagwa katika maswali hayo ungetosha kutafsiri maktaba nzima.

Makala haya yanashikilia kwamba hoja ya wingi na hoja ya jina ni hoja za uvivu. Si kwamba ni za uongo. Hesabu huweza kuwa sahihi na jina likawa la haki. Ni za uvivu kwa sababu humpa mhakiki la kusema kabla hajafanya kazi, na mara nyingi humwondolea kabisa haja ya kuifanya. Na kwa kuwa mwenye nyumba hasikii harufu ya nyumba yake, hoja hizo zinapelekwa hapa ugenini, kwenye lugha mbili ambazo si rahisi kumpata msomaji wa jarida hili mwenye fahari ya kuzitetea: Kilatvia, kinachozungumzwa kando ya Bahari ya Baltiki, na Kitagalog, ambacho kitovu chake ni kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino.

Anayetaka kuzilinganisha kwa idadi ya leo atamaliza kazi yake kwa pumzi moja. Latvia nzima ina watu wasiofika milioni 2, chini ya nusu ya wakazi waliohesabiwa katika jiji la Nairobi mwaka 2019, na si wote kati yao ambao lugha yao ya kwanza ni Kilatvia. Katika sensa ya mwaka 2011 asilimia 62 hivi ndio waliosema kwamba hukitumia nyumbani; asilimia 37 walitaja Kirusi. Ukiongeza waliohamia ng'ambo, wasemaji wa kuzaliwa hawazidi milioni 1.5 kwa makadirio ya kawaida. Ufilipino nayo ilihesabu watu 109,035,343 mwaka 2020, na takriban asilimia 40 ya kaya zake zilisema kwamba lugha ya nyumbani ni Kitagalog. Makadirio ya wasemaji wa kuzaliwa hukaribia milioni 28, na wanaokitumia kama lugha ya pili ni makumi ya mamilioni. Kwa mantiki ya wahakiki wa tarakimu, shauri limekwisha. Kitagalog ni bahari na Kilatvia ni kidimbwi.

Tatizo huanza hesabu hiyo inaporudishwa nyuma. Sensa ya Dola ya Urusi ya mwaka 1897 iliwahesabu wasemaji wa Kilatvia takriban milioni 1.4. Miaka sita baadaye, mwaka 1903, sensa iliyofanywa na Wamarekani nchini Ufilipino iliwahesabu Watagalog takriban milioni 1.46, katika nchi iliyokuwa na watu milioni 7.6. Lugha hizi mbili, basi, ziliuvuka mlango wa karne ya 20 zikiwa sawia, kama wanariadha wawili waliopangwa kwenye mstari mmoja. Tangu hapo Kitagalog kimeongeza wasemaji karibu mara ishirini. Kilatvia kimebaki pale pale. Na Walatvia waliomo nchini mwao wamepungua, kutoka milioni 1.39 mwaka 1989 hadi chini ya milioni 1.2 hivi leo, kwa sababu ya uhamiaji na uchache wa watoto.

Sasa na aulizwe mhakiki wa tarakimu: katika kipindi hicho hicho, ni lugha ipi iliyopanda? Kilatvia, ambacho mwaka 1897 kilikuwa lugha ya wakulima chini ya mabwana wa Kijerumani na makarani wa Kirusi, ndicho leo lugha ya sheria, ya hukumu, ya mihadhara ya chuo kikuu na, tangu tarehe 1 Mei 2004, lugha mojawapo rasmi ya Umoja wa Ulaya, hivi kwamba kanuni za umoja huo hutolewa kwa Kilatvia pia, sawa na zinavyotolewa kwa Kijerumani. Kitagalog, pamoja na mamilioni yake, kinaishi katika nchi ambamo miswada ya sheria huandikwa kwa Kiingereza, hukumu za Mahakama ya Juu huandikwa kwa Kiingereza, na ambamo sera ya elimu ya lugha mbili ya mwaka 1974 iliikabidhi hisabati na sayansi kwa Kiingereza na kuiachia lugha ya taifa masomo yaliyosalia. Wasemaji waliongezeka mara ishirini. Kazi za lugha hazikuongezeka kwa kiasi hicho. Wasemaji walipungua; kazi zikaongezeka. Mwenye kuamini kwamba wingi ndio mbolea ya lugha na fasihi yake ana deni la kueleza jambo hili.

Wala haiwezi kudaiwa kwamba Kilatvia kilitangulia kuandikwa. Kitabu cha kale zaidi kilichosalia katika lugha hiyo ni katekisimu ya Kikatoliki iliyochapwa mwaka 1585. Kitabu cha kwanza kuchapwa kwa Kitagalog, nacho ni cha mafundisho ya dini, kilitoka Manila mwaka 1593. Pengo ni miaka minane tu. Katika sehemu zote mbili walioandika walikuwa mapadri na wachungaji wa kigeni. Katika Latvia ni Mjerumani, Ernst Glück, aliyeitafsiri Biblia mwishoni mwa karne ya 17, na ni mchungaji mwingine wa Kijerumani, Gotthard Friedrich Stender, aliyetunga sarufi ya mwaka 1761. Kwa hakika kama kuna aliyetangulia katika jambo hili ni Mtagalog. Mwaka 1610 Tomas Pinpin, mpiga chapa mwenyeji, alitoa kitabu chake mwenyewe kwa Kitagalog, wakati ambapo hakuna Mlatvia aliyekuwa amefanya vivyo hivyo. Ila msomaji aitazame mada ya kitabu hicho: kilikusudiwa kuwafundisha Watagalog lugha ya Kihispania. Mwandishi wa kwanza mwenyeji aliikalia lugha yake kama mtu akaliaye kiti huku akifunga viatu vya safari.

Ni katika karne ya 19 ndipo njia zilipoachana, na hapa panafaa kukaa kitako, kwa sababu wahakiki wengi hupapita mbio wakielekea kwenye takwimu.

Kilatvia cha mwaka 1850 kilidharauliwa na Wajerumani wa Baltiki kwa sababu ile ile ambayo lugha nyingi za Afrika zimedharauliwa: kwamba ni lugha ya shambani, haina maneno ya fikra za juu, na kwamba Mlatvia akisoma huwa Mjerumani. Katikati ya miaka ya 1850 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Dorpat, mji ambao leo huitwa Tartu, alibandika kadi mlangoni pake. Aliandika jina lake, masomo yake, kisha neno moja: Mlatvia. Huyo ni Krišjānis Valdemārs, na kadi hiyo imekuwa kisa mashuhuri cha historia ya taifa hilo. Wapenzi wa hoja ya jina hukishika kisa hiki kwa mikono miwili. Wanasahau kusoma kilichofuata. Mwaka 1856 Juris Alunāns, mwenzake Valdemārs huko Dorpat, alitoa kitabu kidogo cha mashairi ambayo karibu yote si yake: ni tafsiri za mashairi ya Wajerumani, Warumi na wengineo. Nia ilikuwa kuonyesha, kwa vitendo, kwamba Kilatvia kinaweza kuyabeba. Pale kilipokosa neno, Alunāns aliliunda, na mengi ya maneno hayo yangali yanatumika hadi leo. Kabla karne haijakwisha, Jānis Pliekšāns, aliyejiita Rainis, alikuwa amekwisha kuitafsiri Faust ya Goethe. Wasemaji milioni 1.4 hawakuombwa kura juu ya jambo hilo. Watu wachache walikaa chini wakatafsiri.

Sambamba na kazi hiyo ikaja ya Krišjānis Barons, ambaye tangu miaka ya 1870 alikuwa akizipanga na kuzichambua nyimbo fupi za jadi, aghalabu za mishororo minne, ambazo Walatvia huziita daina. Zilimjia kutoka vijijini zimeandikwa kwenye vikaratasi, naye akavipanga katika kabati la droo nyingi alilolitengenezesha Moscow. Kati ya mwaka 1894 na 1915 zilichapishwa nyimbo 217,996. Huu ndio wingi unaostahili kutajwa na mhakiki: si wa vichwa vya watu, bali wa matini zilizokusanywa, zikalinganishwa, zikahaririwa. Kabati lenyewe liliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2001. Haidhuru kuongeza kwamba nyimbo hizo, kwa kawaida, hazina vina. Wanamapokeo waliogombana miaka mingi juu ya vina na mizani wangefaidika kwa kuona taifa zima lililojengwa juu ya ushairi usiofuata vina.

Katika kipindi hicho Kitagalog hakikuwa na upungufu wa vipaji, na huo ndio uchungu wa jambo hili. Francisco Balagtas alikuwa ametoa Florante at Laura mwaka 1838, utungo mrefu wa beti za mishororo minne, kila mshororo mizani 12, miaka hamsini kamili kabla ya Andrejs Pumpurs kuwapa Walatvia utendi wao wa Lāčplēsis mwaka 1888. Anayejua kuusoma utenzi wa Kiswahili hatakuwa mgeni katika beti za Balagtas. Lakini mtunzi mkubwa kuliko wote aliyemfuata, José Rizal, alizitunga riwaya zake mbili, Noli Me Tangere ya mwaka 1887 na El Filibusterismo ya mwaka 1891, kwa Kihispania. Ya kwanza ikachapwa Berlin na ya pili Ghent. Si kwamba Rizal hakukijua au hakukipenda Kitagalog. Mwaka 1886 alikuwa ameitafsiri tamthilia ya Schiller, Wilhelm Tell, kwa lugha hiyo, kazi ya aina ile ile aliyoifanya Alunāns. Riwaya yake ya tatu aliianza kwa Kitagalog, akaigeuzia kwa Kihispania, kisha akaiacha njiani. Hakuna wa kumlaumu mtu ambaye serikali ya Kihispania ilimpiga risasi mwaka 1896. Hata hivyo mhakiki ana wajibu wa kuliona tokeo: sheria ya mwaka 1956 inawalazimu wanafunzi wa Ufilipino kuzisoma riwaya hizo mbili, na wengi mno huzisoma katika tafsiri, kwa kuwa lugha zilimoandikwa si yao tena. Mhimili wa fasihi ya taifa umesimikwa nje ya lugha za taifa. Walipokuja Wamarekani mwaka 1898 na shule zao za Kiingereza, hawakukuta riwaya kuu ya Kitagalog inayowazuia mlangoni. Chuo Kikuu cha Ufilipino kilipoanzishwa mwaka 1908 kilifundisha kwa Kiingereza. Chuo Kikuu cha Latvia kilipofunguliwa Riga mwaka 1919 kilikusudiwa kufundisha kwa Kilatvia, na kati ya mwaka 1923 na 1932 ikatoka kamusi kubwa ya Mīlenbahs na Endzelīns.

Sasa jina. Hapa Ufilipino ni chuo kikuu kwa yeyote anayedhani kwamba kubadilisha jina la lugha ni kuibadilisha lugha. Sheria ya mwaka 1936 iliyounda Taasisi ya Lugha ya Taifa iliiagiza taasisi hiyo kuichagua lugha iliyoendelea zaidi kimuundo na kifasihi, na inayokubaliwa na kutumiwa na watu wengi zaidi. Kifungu hicho ni cha kutafakariwa na wahakiki: fasihi ilitajwa waziwazi kuwa kigezo. Ilivyokuwa ni kwamba hoja ya wingi peke yake haikutosha, kwa kuwa sensa ya mwaka 1903 ilikuwa imewahesabu Wavisaya wa makundi yao yote kuwa milioni 3.2, zaidi ya maradufu ya Watagalog. Tarehe 30 Desemba 1937 Rais Manuel Quezon, mwenyewe Mtagalog, akatangaza kwamba lugha ya taifa itajengwa juu ya Kitagalog. Wasemaji wa Kicebuano hawajaacha kunung'unika tangu siku hiyo.

Kuwatuliza, likatafutwa jina. Mwaka 1959 idara ya elimu iliagiza lugha ya taifa iitwe Pilipino. Katiba ya mwaka 1973 ikasema itaendelezwa lugha ya taifa itakayoitwa Filipino. Katiba ya mwaka 1987 ikathibitisha kwamba lugha hiyo ipo na jina lake ni hilo. Tofauti ya P na F si ya mzaha, ingawa inachekesha. Alfabeti ya herufi 20 iliyoratibiwa na Lope K. Santos haikuwa na F, kwa kuwa Kitagalog hakina sauti hiyo kiasili. Alfabeti ya herufi 28 ya mwaka 1987 inayo, kwa hoja kwamba lugha nyingine za nchi, na maneno ya mkopo, zinaihitaji. F, kwa hiyo, ilikuwa ishara kwamba lugha hii si ya Watagalog pekee. Je, ilikuwa kweli? Sarufi ilibaki ile ile, msamiati wa msingi ule ule, na Mcebuano aliyekataa kuimeza P hakuona utamu wowote katika F. Mwaka 2013 Tume ya Lugha ya Kifilipino, ikiongozwa na mshairi Virgilio Almario, iliamua kwamba hata jina la nchi liandikwe kwa F, Filipinas badala ya Pilipinas. Mwaka 2021 tume hiyo hiyo, chini ya uongozi mwingine, ikairudisha P.

Atakayesema kwamba Kilatvia hakikuwa na tatizo hili kwa kuwa jina lake ni safi hajalichungua jina hilo. Waingereza walikiita Lettish, Wajerumani Lettisch, na asili yake ni kabila moja tu kati ya makabila kadha yaliyoishi hapo, Walatgalia, wanaotajwa katika maandishi ya Kilatini ya karne ya 13. Makabila mengine ya nchi hiyo, mathalani Wakuronia na Wasemigalia, yalimezwa katika jina la jirani yao, sawa kabisa na Wacebuano wanavyolalamika kumezwa na Watagalog. Na kinaya cha mambo ni kwamba wanaonung'unika leo ndio hasa waliotoa jina. Wenyeji wa Latgale, mashariki mwa nchi, walitenganishwa na wenzao kwa karne nyingi chini ya Poland, wakajenga mapokeo yao ya uandishi wa Kikatoliki, wakanyimwa na serikali ya Urusi haki ya kuchapa kwa herufi za Kilatini kuanzia mwaka 1865 hadi 1904, na hata sasa watu kama 164,500, kwa hesabu ya mwaka 2011, hutumia Kilatgalia kila siku. Sheria ya lugha ya mwaka 1999 inakitambua kama namna ya kihistoria ya Kilatvia. Wenye jina wamekuwa tawi la jina lao! Kuhusu Livonia mambo ni mabaya zaidi. Jina hilo lilitawala ramani za Ulaya kwa mamia ya miaka, likaitwa nchi, likaitwa jimbo, likaitwa vita. Na Kilivonia chenyewe, lugha ya Walivi waliolitoa, kilimpoteza msemaji wake wa mwisho wa kuzaliwa mwaka 2013, huko Kanada.

Kuna matumizi ya majina ambayo yana maana, lakini ni ya aina nyingine. Kilatvia hakimwachi mgeni aingie na viatu vyake: Shakespeare huwa Šekspīrs, kwa herufi za Kilatvia na kiishio cha Kilatvia, apate kunyambulika katika sentensi kama nomino nyingine yoyote. Wapo waliolipinga jambo hili hadi mbele ya mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, kwa sababu majina yao wenyewe yalibadilishwa katika pasipoti, na malalamiko yao yanaeleweka. Ila kwa mwanafasihi hoja iko wazi. Lugha hiyo haijishughulishi sana na namna wengine wanavyoiita; inajishughulisha na namna itakavyowaita wengine.

Mpinzani hakosi la kusema. Atadai kwamba Kilatvia kilipata dola na Kitagalog kikapata mkoloni mwingine. Dola ni jambo kubwa, hilo halikataliki. Lakini Latvia ilijitawala kwa miaka 22 tu kabla ya kumezwa na Muungano wa Kisovieti mwaka 1940, na haikuupata tena uhuru wake hadi mwaka 1991. Ufilipino imejitawala tangu mwaka 1946 bila kukatizwa. Kwa miaka ya uhuru, Manila imeipita Riga. Tofauti imo katika matumizi ya dola hiyo. Mwaka 1989 wakazi wasio Walatvia waliosema wanakijua Kilatvia walikuwa chini ya robo. Mwaka 2000 walikuwa zaidi ya nusu. Hawakuzaliwa upya. Sheria za mwaka 1989 na 1999, shule na mitihani ya ajira ndizo zilizowafanya wasemaji. Idadi ni tokeo la kazi ya lugha. Kuigeuza kuwa chanzo ni kulifunga gari mbele ya punda.

Gharama yake isifichwe. Sheria ya mwaka 1999 inaihesabu kila lugha nyingine, isipokuwa Kilivonia, kuwa ya kigeni, Kirusi kikiwamo, ambacho ni lugha ya nyumbani ya zaidi ya theluthi moja ya wakazi. Kura ya maoni ya Februari 2012 iliyotaka Kirusi kiwe lugha rasmi ya pili ilikataliwa kwa takriban asilimia 75, na tangu mwaka 2023 shule zilizofundisha kwa Kirusi zimekuwa zikihamishiwa Kilatvia. Mlatvia atasema kwamba Kirusi kililetwa kwa mtutu, na kwamba mwaka 1935 watu wake walikuwa robo tatu ya nchi kabla ya kushuka hadi asilimia 52 mwaka 1989. Ni kweli. Hata hivyo bibi kizee wa Daugavpils aliyezaliwa hapo hakushika mtutu. Makala haya hayapendekezi mfano huo uigwe katika nchi yenye lugha zaidi ya arobaini. Yanasema tu kwamba si wingi uliouwezesha.

Upande wa pili, haki itendeke kwa Kitagalog. Wingi una kazi moja ambayo hauwezi kunyang'anywa, nayo ni soko. Gazeti la Liwayway, linalotoka tangu miaka ya 1920, limelisha wasomaji riwaya za mfululizo kwa vizazi vitatu na zaidi, na humo, katikati ya hadithi za mapenzi, ndimo ilimotoka kati ya mwaka 1966 na 1967 riwaya ya Edgardo M. Reyes kuhusu kijana wa kijijini anayesagwa na jiji la Manila, ambayo Lino Brocka aliigeuza filamu mwaka 1975. Amado V. Hernandez, aliyefungwa kwa siasa zake, alitoa Mga Ibong Mandaragit mwaka 1969. Lualhati Bautista aliandika Dekada '70 katika enzi ya Marcos. Si rahisi kwa lugha ya watu milioni moja na nusu kuwa na uwanja mpana kama huo wa riwaya pendwa. Kasoro haimo kwa watunzi wala kwa wasomaji. Imo mahali palipo karibu zaidi na jarida hili, yaani chuoni. Bienvenido Lumbera, mhakiki aliyeutetea ushairi wa Kitagalog kuliko wengi, alilazimika kuuelezea katika tasnifu yake ya uzamifu kwa Kiingereza, katika chuo cha Marekani; baadaye yeye na Almario walijitahidi kuujenga uhakiki kwa Kifilipino, nao walikuwa wachache.

Kiswahili nchini Kenya kimepata vyote viwili ambavyo Kitagalog kilivipata. Kina wingi. Kina jina: ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitaja kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hukumu za Mahakama Kuu zingali zinaandikwa kwa Kiingereza, na nje ya idara za Kiswahili mihadhara ya chuo kikuu hutolewa kwa Kiingereza. Mhakiki anayefungua makala yake kwa milioni 200 ajiulize ni wangapi kati ya hao watakaoikuta Faust, au sheria ya ardhi, au nadharia anayoinukuu mwenyewe, katika lugha anayoihesabia wasemaji.

Manila jambo hili lilikwisha kupimwa mahakamani. Mwaka 2013 tume ya elimu ya juu ya Ufilipino ilitoa agizo lililoliondoa somo la Kifilipino katika masomo ya lazima ya chuo kikuu, kwa maelezo kwamba lingefundishwa katika shule za sekondari. Wahadhiri walikwenda mahakamani. Walikuwa na ibara ya 14 ya katiba, inayoitaja lugha hiyo kwa jina; walikuwa na makumi ya mamilioni ya wasemaji. Agizo lilisimamishwa kwa muda. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu iliamua kwamba vifungu hivyo vya katiba havilazimishi somo hilo lifundishwe chuoni, na mwaka 2019 ikaukataa ombi la kuurejea uamuzi huo. Hukumu iliandikwa kwa Kiingereza. Baadhi ya vyuo viliendelea kulifundisha somo hilo kwa hiari yao.